Baada ya Arubaini: Tone la Damu Linaloweza Kumwokoa Mtoto

Mzazi anapotoka arubaini, nyumba huwa na furaha ya pekee. Udi hufukizwa, majirani huja kumtazama mwana, na mama huanza tena kutoka nje. Ni siku hizo hizo, mtoto akitimiza wiki 6, anapopelekwa kliniki kwa chanjo. Leo, ndugu wasomaji, tungependa tuzungumze juu ya kipimo kinachoangukia wakati huo, ambacho aghalabu hunong'onezwa badala ya kuelezwa: kipimo cha mtoto mchanga ambaye mama yake anaishi na virusi vya UKIMWI.

Wengi huuliza: kwa nini mtoto asipimwe kwa kipimo cha kawaida cha dakika chache? Jibu ni kwamba kipimo kile hakitafuti virusi. Hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili. Mtoto hurithi kingamwili za mama yake tangu tumboni, na zaweza kubaki katika damu yake hadi miezi 18. Hivyo basi, kipimo hicho chaweza kuonyesha kuwa mtoto ameambukizwa, hali yu salama. Hapana budi kutafutwa virusi vyenyewe.

Njia ya kuvitafuta ilibuniwa mwaka 1983 na Kary Mullis, mkemia wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Muuguzi humchoma mtoto kisigino, akadondoshea damu kwenye karatasi maalumu, ikaachwa ikauke. Karatasi hiyo husafiri hadi maabara bila kuhitaji barafu, hata ikitoka visiwani.

Huko maabara, chembe za urithi, yaani DNA, hupashwa moto wa nyuzi zipatazo 95 mpaka nyuzi zake mbili zilizosokotana ziachane. Joto likishapunguzwa, huingia kazini vipande vifupi vilivyotengenezwa kwa makusudi, ambavyo hushikamana na alama za virusi vinavyotafutwa tu, kama ufunguo na kufuli lake. Visipokuwapo virusi, ufunguo haupati mahali pa kuingia. Vikiwapo, kimeng'enya hujenga nakala kuanzia hapo. Kimeng'enya hicho kinastahimili moto kwa kuwa asili yake ni bakteria aliyegunduliwa katika chemchemi za maji moto za Yellowstone, huko Marekani.

Kisha duru huanza upya: moja huwa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane. Duru 30 zikikamilika, alama moja yaweza kuzaa nakala zaidi ya bilioni 1. Kilichokuwa kimejificha ndani ya tone la damu hakina tena pa kujificha.

Kwa nini tuharakishe? Kwa sababu miongoni mwa watoto waliozaliwa na virusi wasitibiwe, takriban nusu hufariki kabla ya kutimiza miaka 2. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kuwaanzishia watoto dawa mapema kulipunguza vifo vyao kwa asilimia 76. Na mama anayetumia dawa zake barabara, mtoto naye akapewa dawa za kinga, hatari ya kumwambukiza yaweza kushuka chini ya asilimia 5.

Tukumbuke pia kuwa jibu jema la wiki 6 si mwisho wa safari maadamu mtoto angali ananyonya. Hapa Kenya kipimo hurudiwa akiwa na miezi 6 na miezi 12, kisha hupimwa kingamwili afikapo miezi 18. Jibu likionyesha virusi, mtoto huanzishiwa dawa mara moja, huku damu nyingine ikichukuliwa ili kuthibitisha.

Kinachowazuia wengi si umbali wa kliniki. Ni hofu ya macho ya watu. Basi tunawasihi akina baba, mama wakwe na mawifi: mzazi akisema anampeleka mwana kupimwa, msimhoji kwa ukali wala msiitoe siri yake barazani. Msindikizeni. Mtoto ni amana tuliyokabidhiwa na Mwenyezi Mungu, na kuihifadhi amana hiyo ni wajibu wa nyumba nzima, si wa mama peke yake.