Woga wa Onyesho la Kwanza

Woga wa jukwaani ni hali ya mwili na akili inayomshika mwanamuziki anapojua kwamba muda si mrefu atasikilizwa na watu, na kwamba noti ikishatoka hairudi. Humpata mpiga udi aliyefunzwa miaka kumi sawa na mwanakwaya anayepewa ubeti wa kuimba peke yake kwa mara ya kwanza. Dalili zake kila mtu anazijua: moyo kwenda mbio, mdomo kukauka, vidole kupoa, tumbo kuvurugika, na maneno ya wimbo uliokaririwa miezi mitatu kuyeyuka kichwani. Sababu za dalili hizo ndizo wachache huzifahamu, na mwanagenzi aliyezielewa huvuka usiku wake wa kwanza kwa urahisi kuliko yule aliyeambiwa tu ajikaze.

Woga huo si alama ya kukosa kipaji. Pablo Casals, Mkatalani aliyehesabiwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa selo katika karne ya 20, alisumbuliwa nao tangu ujana hadi uzee. Mwaka 1901, akiwa ziarani Marekani, alipanda Mlima Tamalpais karibu na San Francisco. Jiwe likaporomoka na kumponda mkono wa kushoto, ule unaobonyeza nyuzi. Baadaye alisimulia kwamba wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la kumshukuru Mungu: hatalazimika tena kupiga selo. Mkono ulipona, naye akaendelea kupiga mbele ya hadhira kwa miongo saba. Mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka 94, alipiga katika Umoja wa Mataifa mjini New York. Mtu wa namna hiyo hakuponywa woga. Alijifunza kufanya kazi nao.

Chanzo chake kimo katika mfumo wa zamani wa kujihami ambao Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1915. Ubongo unapohisi hatari, sehemu yake ndogo iitwayo amigdala huiamsha haipothalamasi, nayo hupeleka amri kwa njia ya neva hadi kwenye tezi za adrenali zilizoketi juu ya figo. Tezi humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga haraka na kwa nguvu, pumzi huongezeka, na damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa ya miguu na mikono, huku ile ya ngozini na tumboni ikipunguzwa. Kwa anayekimbizwa na nyati, mpango huu ni wokovu. Kwa mwanamuziki ni mzigo, maana kazi yake si kukimbia wala kupigana, bali kusimama mahali pamoja na kusogeza kidole kwa kipimo kidogo mno.

Kila dalili ina maelezo yake humo. Vidole vya mpiga ala ya kanuni huwa baridi kwa sababu mishipa midogo ya ngozi imejibana. Viganja hulowa kwa sababu tezi za jasho nazo zimeamshwa, na risha ya mpiga udi huanza kuteleza. Mate hukauka kwa sababu usagaji wa chakula umesimamishwa kwa muda, na hapo mwimbaji huhisi ulimi umenata. Kwa mpiga fidla adui mkubwa ni mtetemo: mkono wa kulia ukitikisika kidogo tu, ncha ya upinde hutikisika zaidi, na noti ndefu ya taratibu inayotakiwa kutulia hutoka imekatikakatika. Mwimbaji hupatwa na jambo jingine tena. Pumzi hupanda kifuani badala ya kujaza tumbo, mabega huinuka, misuli ya koo hukaza, na sauti hupanda juu ya ufunguo au huishiwa nguvu kabla sentensi haijaisha.

Akili nayo ina matatizo yake. Mpigaji aliyezoea wimbo hafikirii kila kidole. Mikono inajua njia. Hofu ikiingia, yeye huanza kujichungua: kidole cha tatu kiko wapi, sasa kinafuata kipi? Sian Beilock, mtafiti wa Marekani aliyechunguza namna mabingwa wanavyoshindwa chini ya shinikizo, ameonyesha kwamba uangalizi wa namna hiyo huharibu kazi ambayo ilikuwa inajiendea yenyewe. Wakati huohuo wasiwasi hula nafasi ya kumbukumbu ya muda mfupi, ile inayoshika maneno ya ubeti unaofuata. Saa ya ndani nayo hukimbia, ndiyo maana wapigaji wapya wengi huanza wimbo wao kwa kasi ambayo hawawezi kuimaliza.

Mbona basi hadhira ileile humwinua mmoja na kumwangusha mwingine? Jibu mojawapo lilitokana na mende. Mwaka 1969 Robert Zajonc na wenzake waliwapanga mende wakimbie kutoka kwenye mwanga mkali hadi kwenye kijisanduku cha giza. Kandokando ya njia waliweka mende wengine ndani ya visanduku vyenye kuta za kuonyesha, kama watazamaji. Njia ilipokuwa imenyooka, mende walikimbia haraka zaidi mbele ya wenzao kuliko walipokuwa peke yao. Njia ilipowekewa kona, watazamaji wakawachelewesha. Tayari mwaka 1965 Zajonc alikuwa ameeleza kanuni yake, ambayo huonekana kwa binadamu pia: kutazamwa kunaamsha mwili, na mwili ulioamshwa hufanya vizuri zaidi kile ulichokizoea sana na vibaya zaidi kile ambacho haujakizoea.

Kwa onyesho la kwanza, somo la mende hao lina uzito kuliko shauri lolote la kutuliza moyo. Wimbo ambao mwanagenzi anaupata mara saba katika kumi nyumbani hautakuwa bora jukwaani, utaharibika. Achukue kazi iliyo chini kidogo ya uwezo wake wa juu, aliyoipiga hadi imekuwa kama kutembea. Kishawishi cha kuwaonyesha watu kipande kigumu kuliko vyote kimewaaibisha wengi waliokuwa na uwezo halisi.

Kukariri pia kuna namna yake. Anayejua wimbo kwa mfululizo tu, kila noti ikiivuta inayofuata, akikatika katikati hana pa kushika. Inambidi arudi mwanzo. Mwanasaikolojia Roger Chaffin alimfuatilia mpiga piano Gabriela Imreh alipokuwa akijifunza sehemu ya mwisho ya Konseto ya Kiitaliano ya Bach, na kuona kwamba Imreh alijiwekea alama maalumu ndani ya muziki: hapa sehemu mpya inaanza, pale kidole kinabadilika, kule hisia inageuka. Alama hizo ni milango ya kuingilia. Mwimbaji wa taarabu anaweza kufanya hivyohivyo kwa kuzoea kuanza kutoka ubeti wowote, kutoka kiitikio, hata kutoka mahali fidla zinapojibu. Akipotea, anasubiri mlango unaofuata na kuingia, na wengi ukumbini hawatajua kilichotokea.

Sehemu ya maandalizi inayopuuzwa kuliko zote ni kuuzoea woga wenyewe. Joseph Wolpe, daktari wa akili kutoka Afrika Kusini, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1958 jinsi hofu inavyopunguzwa kwa kumkaribisha mtu hatua kwa hatua kwenye kile anachokiogopa. Kwa mwanamuziki hatua ya kwanza inaweza kuwa simu iliyowekwa mezani inarekodi. Wapigaji wengi hushangaa jinsi taa nyekundu ya kurekodi peke yake inavyotosha kuharakisha moyo. Kisha apige mbele ya ndugu wawili, mbele ya wanakwaya wenzake, mbele ya majirani uani. Shule nzuri za muziki huutengeneza mpango huu kwa makusudi. Katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Unguja mwaka 2002, wanafunzi hupiga mbele ya wageni bega kwa bega na walimu wao, na kutoka humo wamepatikana wapigaji waliofika kwenye majukwaa makubwa kama la tamasha la Sauti za Busara.

Mazoezi hayo yafanane na onyesho lenyewe kadiri inavyowezekana. Kama atasimama, afanye mazoezi akiwa amesimama. Kama atavaa viatu virefu au kanzu yenye mikono mipana, avae nguo hizo angalau mara mbili kabla ya siku. Apande ngazi haraka hadi moyo udunde, kisha aanze wimbo papo hapo, ili mwili ujue kwamba unaweza kupiga ukiwa na mapigo hayo. Mwimbaji wa taarabu ana jambo la ziada. Wimbo ukikolea, watu huinuka na kuja kumtunza, wakicheza mbele yake na noti za fedha mkononi, wengine wakimsogelea hadi usoni. Asiyezoea husahau ubeti. Dawa yake ni wenzake wawili watatu wajifanye watunzaji wakati wa mazoezi, wamzonge, wamtabasamie, naye aendelee kuimba. Na sharti moja liwe halivunjwi katika marudio haya: likitokea kosa, hakuna kusimama. Anayerudia kila anapokosea anajifunza kusimama, na tabia hiyo itamfuata jukwaani.

Siku yenyewe huhitaji mambo machache. Mlo uwe mwepesi na uliwe mapema, kwa kuwa tumbo halitafanya kazi yake vizuri jioni hiyo. Kahawa na chai kali huongeza mapigo ambayo tayari yameongezeka, na kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi. Miraa hufanya vivyo hivyo kwa nguvu zaidi na kukausha mdomo juu yake. Pombe hupunguza hofu na kupunguza pia ustadi wa vidole na usahihi wa sikio, na mpigaji huwa wa mwisho kuligundua hilo. Afike mapema wakati wa kupima mitambo, asimame mahali atakaposimama, ajisikie katika spika ya jukwaani, kwa sababu sauti yake itamrudia tofauti kabisa na ile aliyoizoea chumbani. Ugeni wa sauti hiyo umewatisha waimbaji wengi kuliko wingi wa watu.

Wako wanaotumia dawa. Propranololi, iliyotokana na kazi ya Mskoti James Black katika miaka ya 1960, huzuia adrenalini isiuchochee moyo na hivyo hupunguza mapigo na mtetemo. Black alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Katika uchunguzi uliofanywa miaka ya 1980 miongoni mwa wanamuziki zaidi ya 2,000 wa okestra za Marekani, zaidi ya robo walikiri kuwahi kutumia dawa za aina hiyo. Hata hivyo dawa hii ni hatari kwa mwenye pumu na kwa wenye baadhi ya maradhi ya moyo. Kuipokea kutoka kwa rafiki nyuma ya jukwaa ni upumbavu. Anayeihitaji amwone daktari kwanza.

Dakika za mwisho kabla ya kuitwa ndizo ngumu kuliko zote. Kwa wengi woga hufika kileleni hapo na kuanza kushuka wimbo ukishaanza. Pumzi ndiyo lango la pekee la mfumo huu ambalo mtu anaweza kulifungua kwa hiari. Kupumua taratibu, kama mara sita kwa dakika, huku kutoa pumzi kukichukua muda mrefu kuliko kuvuta, huichochea neva ya vagasi, nayo huupunguza mwendo wa moyo. Mikono ipashwe moto kwa kusuguliwa au kwa maji ya uvuguvugu. Maneno ya kujiambia nayo yana kazi. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha jaribio ambamo watu waliimba karaoke mbele ya mgeni, huku mashine ikipima usahihi wa sauti. Waliotamka kwanza kwamba wamechangamka walipata wastani wa asilimia 80 hivi. Wasiotamka neno, 69. Waliosema wana wasiwasi, 53. Kushuka kutoka hofu hadi utulivu ni safari ndefu kwa mwili uliokwisha kuamshwa. Kuugeuza mwamko huohuo uwe hamu ni hatua fupi, na moyo unaweza kuendelea kudunda unavyotaka.

Akishasimama jukwaani, kabla ya noti ya kwanza, auimbe kimoyomoyo mstari mmoja wa katikati ya wimbo ili apate mwendo wake halisi. Wimbo wa kufungulia uwe wenye sauti za nguvu na mwendo wa wastani, kwani mtetemo husikika zaidi katika noti ndefu za chini kwa chini. Uangalifu wake auelekeze nje: kwa ngoma, kwa maana ya shairi, kwa mwenzake anayempa kiitikio.

Asidhani pia kwamba kila mtu anauona moyo wake. Mwaka 2003 Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha kwamba wazungumzaji wa hadharani huamini hofu yao inaonekana wazi kuliko inavyoonekana kweli, na kwamba walioelezwa jambo hilo kabla ya kusimama walizungumza vizuri zaidi. Jasho linalomchuruzika mgongoni halionekani kutoka safu ya pili.

Baada ya onyesho makosa huonekana makubwa. Rekodi isisikilizwe usiku uleule. Kesho yake sikio huwa na haki zaidi. Hatari kubwa kwa wakati huo ni kukimbia. Barbra Streisand alisahau maneno ya wimbo mbele ya umati wa Central Park mwaka 1967, na kwa miaka mingi akakwepa matamasha ya kulipwa hadi aliporudi mwaka 1994. Kila onyesho linalokwepwa huupa ubongo ushahidi kwamba hatari ilikuwa ya kweli, na woga hukua. Kwa hiyo mwanagenzi aliyeshuka jukwaani, vema au vibaya, apangiwe tarehe ya pili mapema, kabla ya mwezi kwisha, na mwalimu au kiongozi wa kikundi asimwachie yeye mwenyewe uamuzi huo usiku wa kwanza.