Watano wa Mbele: Jinsi Mchezaji wa Safu Anavyotengenezwa

Katika futiboli ya Marekani, timu inayoshambulia hupanga wachezaji 11, na watano kati yao hawaruhusiwi na kanuni kupokea pasi ya mbele. Senta husimama katikati, magadi wawili kushoto na kulia kwake, na matekli wawili pembeni kabisa. Hao ndio wanasafu. Huvaa namba kati ya 50 na 79 ili waamuzi wawatambue, na kazi yao ni mbili tu: kumkinga kwotabeki, yule anayetupa mpira, mpaka autupe; na kumfungulia njia mwenzao anayekimbia nao. Msomaji aliyezoea soka atataka kuwalinganisha na mabeki, lakini ulinganisho huo haufiki mbali, kwa kuwa beki wa soka akipata mpira anaweza kupanda nao hadi akafunga. Gadi anaweza kumaliza miaka yake yote ya chuo bila kuushika mpira hata mara moja. Senta huushika kila mara, ila ni kwa kuupitisha tu kati ya miguu yake kwenda nyuma.

Kwotabeki huhesabiwa yadi na pasi. Mkimbiaji huhesabiwa yadi na mabao. Mwanasafu hana hesabu yake magazetini, na hilo ndilo linaloipa njia yake sura ya pekee tangu mwanzo: kocha wa chuo anayetafuta vijana wa safu hawezi kusoma takwimu za Ijumaa usiku, siku ambayo shule nyingi za sekondari hucheza. Inambidi aangalie mwili, kisha picha za video, kisha akisie mwili huo utakuwa wapi baada ya miaka mitatu.

Ukubwa peke yake hudanganya. Kijana wa kilo 130 aliyepangwa dhidi ya mwenzake wa kilo 85 hushinda kila mara bila kujifunza kitu. Anaegemea tu, na mwenzake anaanguka. Akifika chuoni, kila aliye mbele yake ana uzito kama wake au zaidi, na kuegemea hakumsaidii tena. Ndiyo maana makocha wazuri huangalia miguu kabla ya kifua. Wanataka kuona kama anaweza kukunja magoti na nyonga bila kuinama mgongo, kama hatua zake ni fupi na za haraka, na kama mikono yake ni mirefu kiasi cha kumgusa mpinzani kabla hajaguswa. Michezo mingine husaidia kujibu maswali hayo. Mieleka hufundisha kusukuma ukiwa chini, mpira wa kikapu hufundisha miguu ya pembeni, na kutupa tufe hufundisha nguvu inayoanzia kwenye nyonga. Tristan Wirfs, kutoka mji mdogo wa Mount Vernon jimboni Iowa, alikuwa bingwa wa mieleka wa jimbo lake katika uzito wa juu. Joe Thomas, aliyekulia Wisconsin na baadaye kuwa mmoja wa matekli bora kupata kutokea, alitupa tufe na kisahani.

Wengine hawakuwa wanasafu hata kidogo. Brandon Scherff, naye wa Iowa, aliwahi kucheza kama kwotabeki akiwa sekondari. Mwaka 2014 alishinda Outland Trophy, tuzo inayotolewa tangu 1946 kwa mchezaji bora wa safu za ndani, na mwaka uliofuata akachaguliwa wa tano katika uteuzi wa ligi ya kulipwa, NFL.

Tovuti zinazofuatilia vijana huwapa nyota, kuanzia mbili au tatu hadi tano. Kwa mkimbiaji, nyota hizo husema jambo la maana, kwa sababu kasi ya miaka 17 ni karibu ileile ya miaka 20. Kwa mwanasafu ni utabiri wa hali ya hewa. Eric Fisher alitoka sekondari na nyota mbili, akachezea Central Michigan, chuo ambacho si cha kwanza kutajwa na mtu yeyote, na mwaka 2013 akawa wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika uteuzi mzima wa NFL. Afrika Mashariki nayo ina jina lake katika safu hii. Rees Odhiambo alizaliwa Nairobi mwaka 1992, akahamia Marekani akiwa mtoto na kukulia Texas, akacheza Boise State kule Idaho, na mwaka 2016 akachaguliwa na Seattle Seahawks katika raundi ya tatu.

Kabla ya yote hayo kuna darasa. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, hudai kijana anayetaka kucheza daraja la kwanza awe amefaulu masomo 16 ya msingi kwa wastani usiopungua 2.3 kwenye kipimo cha 4.0. Kumi kati ya masomo hayo lazima yawe yamekamilika kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari kuanza, kwa hiyo aliyezembea darasa la 9 na la 10 hawezi kuokolewa na bidii ya miezi ya mwisho. Kutia saini ya kujiunga na chuo zamani kulisubiri Februari. Tangu 2017 kuna kipindi cha mapema cha Desemba, na vijana wengi humaliza shughuli hiyo hapo.

Asiyepata ofa ya ufadhili ana mlango wa pembeni: kujiunga na chuo kama mwanafunzi wa kawaida anayejilipia, kisha kuomba nafasi ya kufanya mazoezi na timu. Jason Kelce aliingia Cincinnati kwa njia hiyo, tena hakuwa mwanasafu. Alianza nyuma ya safu, akahamishiwa mbele, akawa gadi, mwishowe senta. Philadelphia Eagles walimchukua raundi ya sita mwaka 2011, na alipostaafu mwaka 2024 alihesabiwa miongoni mwa masenta bora wa kizazi chake. Safari ya Ryan Ramczyk ilipinda zaidi. Baada ya sekondari aliachana na mpira na kuingia chuo cha ufundi akiwa na nia ya kuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Akabadili mawazo, akacheza chuo cha daraja la tatu cha Stevens Point, nyumbani kwao, kisha akahamia Wisconsin. Kanuni za wakati huo zilimlazimu kukaa nje msimu wote wa 2015. Alicheza msimu mmoja tu, wa 2016, akiwa tekli wa kushoto, na New Orleans Saints wakamchagua raundi ya kwanza.

Siku hizi mlango huo umekuwa mwembamba. Zamani chuo kikubwa kilikuwa na nafasi 85 za ufadhili, na juu yake kiliweza kubeba wanaojilipia kadiri kilivyotaka. Tangu mapatano ya mahakamani ya 2025, vyuo vilivyoyakubali vina kikomo cha wachezaji 105 kwa jumla, wenye ufadhili na wasio nao.

Aliyeingia, kwa mlango wowote, kwa kawaida hachezi mwaka wa kwanza. Mwanafunzi ana miaka mitano ya kucheza misimu minne, na ule mwaka wa ziada wa mazoezi bila mechi huitwa mwaka wa shati jekundu. Husimuliwa kwamba jina lilitokana na Warren Alfson wa Nebraska, ambaye mwaka 1937 aliomba afanye mazoezi bila kucheza, akawa anavaa shati jekundu lisilo na namba. Inafaa kwamba Alfson alikuwa gadi. Hakuna nafasi inayouhitaji mwaka huo kuliko safu, na tangu 2018 kanuni imelegezwa: mchezaji anaweza kuonja hadi mechi nne na bado msimu huo usihesabiwe. Wachache huruka hatua hii. Wirfs alianza kucheza mwaka wake wa kwanza, 2017, na alikuwa wa kwanza kufanya hivyo kama tekli chini ya Kirk Ferentz, kocha aliyeiongoza Iowa tangu 1999 na ambaye mwenyewe alikuwa kocha wa safu kabla ya kuwa mkuu.

Mwaka wa shati jekundu ni mwaka wa vyuma na sahani. Kijana aliyefika na kilo 118 anatakiwa afikie 136 au zaidi bila kupoteza wepesi, na aliyefika na 150 anatakiwa apunguze mafuta aongeze misuli; wa pili ana kazi ngumu kuliko wa kwanza. Chakula hupangwa kama dawa, kwa saa, na kinaweza kupita kalori 5,000 kwa siku. Kula huku, wanaokupitia husema, huacha kuwa raha baada ya wiki chache. Uwanjani, kijana huyu yumo katika kikosi cha kuigiza: kila wiki hujifanya mwanasafu wa mpinzani ajaye ili walinzi wa timu yake wajizoeze, na kwa hiyo kila siku husukumwa na watu wazima wa miaka 22. Hajifunzi mbinu za timu yake sana. Anajifunza kupigwa na kuinuka.

Kisha inakuja elimu yenyewe, na hapa ndipo miaka huishia.

Huanzia miguuni. Tekli wa kushoto anayemkinga kwotabeki hurudi nyuma kwa upande, mguu wa nje ukitangulia kwa hatua fupi, wa ndani ukifuata bila kuugusa mwenzake, kama kaa anayerudi shimoni. Hatua ikiwa ndefu, mlinzi anayekuja hukata ndani. Ikiwa fupi mno, mlinzi huzunguka nje na kumfikia kwotabeki kwa nyuma, upande asioutazama. Makosa yote mawili hutokea ndani ya sekunde tatu, muda ambao pasi nyingi huwa zimekwisha kutupwa.

Mikono hufuata. Hupigwa kutoka kiunoni kwenda juu, vidole gumba vikitazama mbinguni, vitue kifuani mwa mpinzani. Vikitua nje, mabegani, mwamuzi huona kushika, na kosa hilo hurudisha timu yadi 10. Mkono ukitoka mapema, mpinzani huupangua. Ukichelewa, yeye ndiye anayegusa kwanza. Anayechomoka kabla ya mpira kutolewa hugharimu yadi 5, na mara nyingi ni uchovu wa kichwa uliomponza kuliko miguu.

Kichwa ndicho kinachochelewa kuiva. Watano hawa hawamzuii kila mmoja mtu wake kama wacheza mieleka; wanazuia maeneo, na maeneo hubadilika. Walinzi wawili huweza kupishana njia makusudi, wa nje akaingia ndani na wa ndani akatoka nje. Gadi na tekli lazima wakabidhiane watu hao bila kusemezana, kama wapiga kasia wanaobadili upande. Katika mchezo wa kukimbia, wawili humsukuma mlinzi mmoja mpaka anapoyumba, kisha mmoja wao humwachia mwenzake na kumwendea mlinzi wa nyuma yake. Nani aachie, lini, inategemea alikohamia yule wa nyuma. Kabla ya kila mchezo, yaani kila mara kabla ya kuutoa mpira, senta hukagua upande wa pili na kumwonyesha kidole au kumtaja mlinzi mmoja wa katikati. Kuanzia kwa huyo, kila mwanasafu huhesabu aliye wake. Senta akihesabu vibaya, watano wote hukosea kwa usahihi kabisa. Ugenini, makelele ya makumi ya elfu ya watu yakimeza sauti, gadi hugeuka kumtazama kwotabeki, akiona ishara humgusa senta, naye senta hutikisa kichwa kisha hutoa mpira.

Kwa sababu hiyo makocha husita kuvunja safu iliyozoeana. Tangu 2015 ipo tuzo ya Joe Moore, yenye jina la kocha wa zamani wa safu aliyefundisha Pittsburgh na Notre Dame. Haitolewi kwa mtu bali kwa safu nzima, na Alabama waliipata kwanza. Kijana anayesubiri hawezi basi kumng'oa mtu kwa kumzidi kidogo. Anachoweza ni kujifunza nafasi nyingi. Makocha huwatafuta watano bora wa kuanza, na wa sita ni yule anayeweza kuingia kulia, kushoto au katikati bila timu kushtuka. Mazoezi ya majira ya kuchipua, waliohitimu wakiwa wameondoka, ndiyo mtihani wake. Joe Thomas aliingia kikosini kwa ujanja wa namna hii: mwaka wake wa kwanza Wisconsin alitumika kama mzuiaji wa ziada pembeni ya safu, na mwaka uliofuata akawa tekli wa kushoto. Vinginevyo mlango hufunguliwa na goti la mtu mwingine. Hakuna anayelitamka, lakini kila wa sita analijua.

Kusubiri nako kumebadilika bei. Daftari la uhamisho la NCAA lilianza Oktoba 2018. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama mara moja bila kukaa nje msimu, na tangu 2024 anaweza kuhama tena na tena mradi masomo yake yako sawa. Tangu Julai 2021 pia anaruhusiwa kuingiza fedha kwa jina na sura yake. Kocha mwenye tundu kwenye safu halazimiki tena kulea. Anaweza kumchukua mtu wa miaka 22 aliyekwisha kuiva kwingine. Kijana wa sekondari ndiye anayeumia hapo, maana amewekwa foleni nyuma ya mtu ambaye hakuwemo kwenye foleni.

Anayeanza mechi yake ya kwanza atakuwa kwenye michezo kama 70 siku hiyo. Uwanja hautamtaja, labda mwamuzi atangaze namba yake kwa kosa la kushika. Kocha wa safu ataiona yote 70, moja moja, kwenye video, na kuipa kila mmoja alama: alimwendea mtu sahihi au la, kwa hatua sahihi au la. Mara nyingi wageni hupangwa kwanza upande wa kulia, ambako kwotabeki atumiaye mkono wa kulia huona hatari ikija. Tekli wa kushoto akihitimu, yule wa kulia anaweza kuhamishiwa upande wake, na majira ya kuchipua yote huyapitisha akirudia hatua zilezile kinyume, mguu uliozoea kutangulia ukijifunza kufuata.