Njia ya mawe juu ya mine ya zamani

Bandugu wa mine pamoja na jamaa zenu, leo twende kaskazini ya Uingereza, ku mulima Helvellyn, metre 950. Ni mwezi wa kumi. Majani ya mulimani imegeuka mwekundu, baridi inaanza, na giza inafika mbio. Mwenye kutaka kupanda anatoka asubuhi sana mu kijiji cha Glenridding.

Kisha kupanda sana anafika ku Striding Edge. Ni mugongo wa mulima, mawe matupu, mwembamba. Huku mutelemuko, huku mutelemuko. Pahali pengine lazima kushika mawe na mikono. Kuume, chini kabisa, kuko ziwa Red Tarn. Siku ya upepo mukali ao ya ukungu, mwenye akili anarudia, na hakuna haya.

Ziwa lile, sisi watu wa mine tulitazame vizuri. Kunako 1860 walilijengea ukuta, sababu mine ya Greenside ilihitaji maji. Ilikuwa mine ya plomb, ni kusema risasi, pamoja na argent.

Mu bonde la pili, Keppel Cove, kulikuwa barrage ya udongo. Usiku wa tarehe 29 mwezi wa kumi 1927, mvua ilikuwa kali, barrage ikapasuka. Maji ikashuka mpaka Glenridding, ikaingia mu manyumba, watu wamelala. Wakajenga ingine ya béton. Kisha miaka michache maji ikaitoboa chini. Ingali inasimama na tundu lake, watembezi wanaiona.

Mwaka 1952 moto ilishika ndani ya mine. Wafanyakazi 4 walikufa sababu ya gazi ya moshi. Mwaka 1962 mine ikafungwa.

Lakini kijiji hakikufa. Mu manyumba ya mine ya zamani, leo wageni wa mulima wanalala, na wanaacha makuta yao. Wakati wa kushuka jioni, njia inapita kandokando ya mawe na udongo wazee wale walitosha chini.

Kwetu baba wengi wanajiuliza: mine ikiisha, watoto watakula nini? Sisi pia tuko na milima: Kundelungu, na maporomoko ya Lofoi. Wangapi kati yetu wamekwisha kupeleka watoto wao kuyaona?