Tiketi ya Kwenda na Kurudi: Kwa Nini Bei Hubadilika kwa Nchi Unayoanzia?

SWALI: Mimi ni mama, naishi Mlandege ya Iringa. Mwanangu anafanya kazi Muscat, anataka kuja likizo. Tiketi ya kwenda na kurudi kuanzia Muscat imemshinda. Ya njia hiyo hiyo kuanzia Dar es Salaam ni nafuu. Je, hii si dhulma? Wenzake wanamwambia akate ya kuanzia Dar es Salaam, safari ya kwanza aiache, atumie ya kurudi tu. Inafaa?

JIBU: Sifa njema zote ni za Allah, rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad. Ama baad.

Mama yetu, nauli ya ndege haihesabiwi kwa urefu wa njia peke yake. Kila nchi inayoanziwa safari ni soko mbali, lina sarafu yake, ushindani wake na uwezo wa watu wake. Skuli za Ghuba zikifungwa katikati ya mwaka, wengi hutoka Oman kwa pamoja. Ndege hujaa na bei hupanda. Anayeanzia Dar es Salaam wakati huo huenda kinyume na msafara. Wengi hudhani sababu ni kodi za viwanja, lakini tiketi ya kwenda na kurudi hupita viwanja vyote viwili popote unapoanzia. Tofauti kubwa imo katika nauli yenyewe.

Sisi wa visiwani tunalijua hili kwenye boti ya Dar es Salaam: mkaazi na mgeni huvuka bahari moja, nauli zao si sawa.

Je, ni dhulma? Hapana, maadamu bei imejulikana kabla ya kulipa na hakuna udanganyifu. Bei zilipopanda Madina, Mtume (s.a.w.) aliombwa azipange, akakataa, kama alivyopokea Anas (r.a.) katika Abu Daud na Tirmidhi.

Ama kuiacha safari ya kwanza, asifanye. Tiketi ni mkataba wa ijara, na sharti la kawaida la mashirika ni kuzitumia safari kwa mpangilio. Asipopanda ya kwanza, ya kurudi hufutwa. Atakwama Muscat na pesa imepotea. Nasi tumeamrishwa kutimiza mikataba (Al-Maida, aya ya 1).

Njia ya halali ipo. Anunue tiketi ya upande mmoja ya kuja. Akiwa nyumbani, akate ya kwenda na kurudi kuanzia Dar es Salaam, na kurudi kwake kuwe ndiyo likizo ijayo. Aulize muda wa tiketi, kwani nyingi hazizidi mwaka, na alinganishe jumla kabla ya kulipa, maana ya upande mmoja huweza kuwa ghali.

Allah amlete salama. Wallahu a'lam.