Kompyuta na Vihisi katika Maabara ya Kemia: Kipi Kibadilishwe, Kipi Kibaki Mkononi mwa Mwanafunzi

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha shule ya msingi ana haki ya kuuliza: maabara ya kemia ya chuo kikuu yanihusu nini mimi, ambaye darasa langu huenda likawa na ndoo moja, vipimajoto viwili na watoto sitini? Yafaa swali hilo lijibiwe mapema. Jambo linalowasumbua wahadhiri wanapobadilisha kompyuta na vyombo vya kupimia vya maabara si fedha peke yake, ijapokuwa fedha zinazotakiwa si haba. Ni jambo la ufundishaji. Mashine inapomfanyia mwanafunzi kazi, ni kazi gani anayoondolewa, na je, kazi hiyo siyo iliyokuwa ikimfundisha? Mwalimu wa darasa la tano hukabiliwa na swali hilo hilo anapoamua kama atachora jedwali ubaoni mwenyewe au atawaachia watoto walichore.

Kwanza tuelewane juu ya vyombo. Kihisi ni chombo kinachogeuza hali fulani, kama vile joto, mwanga au ukali wa asidi, kuwa umeme unaopimika. Umeme huo hupita katika kisanduku kinachougeuza kuwa tarakimu, na tarakimu hizo huingia katika kompyuta, ambamo programu huzipanga na kuzichorea grafu. Basi kuna viungo vinne: kihisi, kisanduku, kompyuta na programu. Msomaji avikumbuke, kwa maana matatizo karibu yote ya kubadilisha vifaa hutokana na ukweli kwamba viungo hivi havizeeki kwa kasi moja.

Chanzo cha mtindo huu

Mtindo wa kuunganisha vihisi na kompyuta kwa ajili ya kufundishia ulishika kasi Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Robert Tinker na wenzake katika taasisi ya TERC, mjini Cambridge, Massachusetts, walikuwa miongoni mwa waanzilishi. Kompyuta ya Apple II, iliyoanza kuuzwa mwaka 1977, ilikuwa na tundu la kuchomekea vishikio vya michezo, na walimu wabunifu waligundua kwamba tundu hilo laweza kupokea kipimajoto cha umeme badala ya kishikio. Mwaka 1981 David Vernier, aliyekuwa mwalimu wa fizikia, na mkewe Christine walianzisha huko Oregon kampuni ya kutengeneza programu za namna hiyo, na baadaye vihisi vyenyewe. Tangu hapo vyombo vya aina hii vimeenea katika maabara za shule na vyuo vikuu vya nchi nyingi.

Faida yake haikuwa kuokoa muda tu. Mwaka 1987 Heather Brasell alichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa fizikia waliojifunza grafu za mwendo. Kundi moja liliona grafu ikijichora papo hapo wakati kitu kinakwenda. Kundi jingine lilitumia vyombo vile vile, ila grafu ilicheleweshwa kwa muda usiozidi nusu dakika. Ucheleweshaji huo mdogo ulitosha kupoteza sehemu kubwa ya faida. Ni tokeo la kustaajabisha, na kwa maoni yangu ndilo muhimu kupita yote katika habari hii. Linatuambia kwamba uzuri wa mashine haukuwa katika usahihi wake wala katika kioo chake king'aacho, bali katika ukaribu wa tukio na mchoro wake. Mtoto huunganisha mambo mawili akiyaona pamoja.

Mfano wa asidi na alkali

Tuchukue zoezi linalofanywa na kila mwanafunzi wa kemia, yaani titresheni. Mwanafunzi ana mililita 25 za asidi ya hidrokloriki yenye nguvu ya moli 0.1 kwa lita. Anaidondoshea sodiamu hidroksidi ya nguvu hiyo hiyo kutoka katika bureti. Kwa njia ya zamani hutia kiashiria, kwa mfano fenolfthalini, naye hudondosha huku akitikisa chupa hadi rangi ya waridi itokee na kubaki. Walimu wa msingi mwaijua kanuni hii katika sura nyingine: maji ya rosela, ambayo Zanzibar huitwa choya, huwa mekundu yakitiwa ndimu, na hugeuka kuelekea buluu au kijani yakitiwa magadi au maji ya majivu.

Rangi humwambia mwanafunzi kwamba mwisho umefika. Haimwambii njia ilikuwaje. Kihisi cha pH humwonyesha njia yote. Mwanzoni pH ni 1. Baada ya kutia mililita 24, yapata matone 480, imepanda hadi 2.7 tu, na mwanafunzi anayetazama kioo huanza kuchoka na kudhani chombo kimeharibika. Ikifika mililita 24.9, pH ni 3.7. Kisha, kati ya hapo na mililita 25.1, yaani ndani ya matone manne, pH huruka kutoka 3.7 hadi 10.3. Mstari uliokuwa ukitambaa husimama wima kama ukuta. Mwanafunzi aliyeona jambo hilo kwa macho yake haitaji kuambiwa kwa nini tone moja la ziada huharibu hesabu, wala kwa nini kiashiria kinachobadilika kwenye pH 8 au 9 hutoa jibu sahihi ijapokuwa nukta ya usawa ni 7: ukuta wote umo ndani ya matone yale machache.

Mwaka 1994 Mary Nakhleh na Joseph Krajcik walichapisha ulinganisho wa wanafunzi wa sekondari waliofanya titresheni kwa kiashiria, kwa mita ya pH na kwa kihisi kilichounganishwa na kompyuta. Waliotumia kompyuta ndio waliopiga hatua kubwa zaidi katika kuhusisha dhana za asidi, besi na pH. Angalieni kwamba mita ya pH na kompyuta hupima kitu kile kile kwa elektrodi ya aina ile ile. Tofauti ni kwamba mita hutoa namba mojamoja, na kompyuta hutoa umbo.

Kipi huzeeka kwanza

Sasa twende kwenye ubadilishaji wenyewe. Kihisi cha joto kilichotunzwa chaweza kufanya kazi miaka mingi. Elektrodi ya pH haina maisha marefu hivyo: ncha yake ni kioo chembamba, haitakiwi kukauka, na haifai kuhifadhiwa katika maji yaliyotoneshwa bali katika myeyusho wa kloridi ya potasiamu. Hata ikitunzwa hudhoofika. Elektrodi nzima hutoa takriban milivolti 59 kwa kila hatua moja ya pH kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Iliyochakaa hutoa pungufu. Ndiyo maana huna budi kuipima kwanza katika miyeyusho ambayo pH yake inajulikana, aghalabu 4, 7 na 10, kabla ya kuiamini.

Lakini kinachoangusha maabara nzima kwa siku moja si kihisi, ni viungo vya katikati. Visanduku vya zamani viliunganishwa kwa tundu ambalo kompyuta mpya hazinalo tena, kwa kuwa tundu la USB limechukua nafasi yake. Programu nayo hutegemea mfumo wa kompyuta, na mifumo ina tarehe za kufa: Microsoft iliacha kuhudumia Windows 7 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki siku hiyo. Ila haipati tena marekebisho ya kawaida ya usalama, na wasimamizi wa mitandao ya vyuo hukataa iunganishwe. Hapo mhadhiri hujikuta ana vihisi ishirini na vinne vizima ambavyo havina cha kuzungumza nacho.

Njia ni kadhaa. Wengine huzitenga kompyuta za zamani na mtandao, wakaendelea kuzitumia kwa kupimia tu. Ni njia ya heshima, na wauzaji hawaipendi. Wengine hununua vihisi vinavyopeleka habari kwa Bluetooth hadi kwenye kompyuta ndogo au simu. Hivyo hupunguza waya kwenye meza yenye maji na asidi, lakini vinaleta taabu zake: kila kihisi kina betri itakayochoka, na katika chumba chenye makundi kumi na mawili kundi la tatu laweza kuunganishwa na kihisi cha kundi la saba na kuchora grafu ya jirani bila kujua. Dawa yake ni karatasi yenye namba iliyobandikwa kwenye kila kihisi. Wengine tena hujitengenezea vyombo kwa vibao vya Arduino, vilivyobuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, ambavyo bei yake ni nafuu na maelezo yake yako wazi kwa kila mtu.

Hapo pana tahadhari ambayo mwalimu wa ngazi yoyote aizingatie. Kihisi cha joto kiitwacho DS18B20, kinachotumiwa sana na vibao hivyo, huweza kusoma kwa hatua za nyuzi 0.0625. Kioo chaweza kuonyesha 24.8125. Mwanafunzi hunakili tarakimu zote sita kwa unyenyekevu mkubwa. Kumbe mtengenezaji mwenyewe anaahidi usahihi wa nusu nyuzi tu juu au chini, kati ya nyuzi -10 na 85, na maji yale yaweza kuwa 24.4 au 25.2. Mtoto anayesoma kipimajoto cha zebaki au spiriti, akainama hadi jicho lake lilingane na mstari na kusema "ni ishirini na tano na kidogo", anajua zaidi juu ya upimaji kuliko mnakili huyo. Kwa sababu hiyo nakubaliana na wahadhiri wanaowafanyisha wanafunzi wapya zoezi la kwanza kwa mkono, kisha la pili kwa kihisi. Na kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanzia, kila mmoja huchora kwa penseli umbo analotarajia. Asiyetabiri hana cha kushangaa.

Katika darasa la msingi

Haya yote yanawezekana bila kompyuta. Chukua makopo mawili yanayolingana, funika moja kwa kitambaa kizito, tia kila moja maji ya moto kiasi sawa, na uweke kipimajoto katika kila kopo. Kabla ya kuanza, waite watoto watatu waonyeshe ubaoni kwa kidole mstari wa kila kopo utakavyoshuka. Wengi watachora mstari ulionyooka. Usiwasahihishe. Mtoto mmoja ashike saa na kutangaza kila dakika ya pili, wawili wasome, wawili waweke nukta ubaoni papo hapo, chaki nyeupe kwa kopo moja na ya rangi kwa jingine. Nukta isingoje jedwali likamilike, wala isiachwe iwe kazi ya nyumbani. Utafiti wa Brasell umetuonyesha kinachopotea tukingoja. Kipindi cha dakika 40 kinatosha vipimo kumi na vitano. Chora mistari ya mizani ya grafu ubaoni kabla ya kengele, na maji yaje katika chupa ya chai, yakiwa bado ya moto, mwalimu mwenyewe ndiye wa kuyamimina.