Safari yafutwa: sababu ndiyo inayoamua nani alipe

KILA mfanyabiashara anayesafiri kufuata bidhaa anaijua sentensi hii: safari imefutwa "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu". Husemwa kwa upole pale kaunta, abiria wananung'unika, wanapewa kuponi ya chakula, na mambo yanaishia hapo. Wachache huuliza ni sababu gani hasa. Wachache zaidi hudai iandikwe.

Ni kosa la gharama, kwa kuwa sentensi hiyo ina bei. Katika viwanja vya Umoja wa Ulaya, sheria namba 261 ya mwaka 2004 iliweka fidia ya euro 250, 400 au 600 kwa kila abiria, kulingana na umbali, pale safari inapofutwa ghafla. Shirika linaepuka kulipa endapo tu litathibitisha kuwa kulikuwa na "hali isiyo ya kawaida", ambayo isingeepukika hata kama hatua zote za busara zingechukuliwa. Kwa ndege yenye abiria 300 katika safari ndefu, tofauti kati ya kusema "injini mbovu" na kusema "dhoruba" inaweza kufika euro 180,000. Ndiyo maana mashirika huchagua maneno kwa makini, na ndiyo maana kesi zimekuwa nyingi.

Kesi iliyofungua njia ilitokea Vienna, Juni 2005. Abiria wa Alitalia waliokuwa wakienda Brindisi kupitia Roma waliambiwa dakika tano tu kabla ya kuondoka kwamba safari haipo. Ubovu wa injini ulikuwa umegundulika usiku uliotangulia. Abiria mmoja alidai euro 250 pamoja na euro 10 alizotumia kupiga simu. Desemba 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitamka kuwa hitilafu ya kiufundi, kwa kawaida, ni sehemu ya biashara ya kurusha ndege. Mwenye basi hawezi kumwambia abiria kuwa pancha ni balaa la mbinguni, na mahakama iliona hivyo hivyo kwa mwenye ndege.

Tangu hapo mashirika yamejaribu kila mlango. Ngazi ya kupandia ilipoigonga ndege kiwanjani Stuttgart, shirika lilisema hilo halikuwa jambo la kawaida. Mwaka 2014 mahakama ilikataa: ngazi ni kitu cha kila siku. Kwa ndege aina ya kunguru, mwewe na wengineo, mashirika yalipata nafuu. Mwaka 2017 ilikubaliwa kuwa ndege-mnyama kuingia katika injini ni jambo la nje. Hata hivyo, muda uliopotea kwa shirika kuikagua ndege mara ya pili bila ya lazima, baada ya mtaalamu mwenye kibali kuipitisha, haukupata msamaha. Parafujo iliyookotwa na tairi kwenye njia ya kurukia nayo ilikubaliwa mwaka 2019, kwa sharti kwamba shirika lioneshe lilifanya kila liwezalo kubadili tairi haraka.

Kisa kizito kuliko vyote ni cha TAP ya Ureno. Tarehe 17 Julai 2019, ndege yake ilitakiwa kuondoka Stuttgart kwenda Lisbon saa 12:05 asubuhi. Saa 10:15 alfajiri rubani msaidizi alikutwa amefariki kitandani hotelini. Wenzake walishtuka wakashindwa kufanya kazi, na safari ikafutwa. Mtu yeyote angedhani hapo hakuna hoja. Lakini Mei 2023 mahakama iliamua kuwa fidia ilipwe: kupanga wafanyakazi na kukabili kukosekana kwao, kwa ugonjwa au kwa kifo, ni kazi ya kila siku ya shirika. Uamuzi huo ni mkali, na wapo watakaouona hauna utu. Kibiashara hata hivyo una maana moja iliyo wazi, kwamba asiyeweka wafanyakazi wa akiba ndiye abebe gharama ya kutowaweka.

Kabla ya hapo, Oktoba 2016, wafanyakazi wa TUIfly ya Ujerumani "waliugua" kwa pamoja mara baada ya uongozi kutangaza ghafla mpango wa kuipanga upya kampuni. Kiwango cha wagonjwa, ambacho kwa kawaida kilikuwa kama asilimia 10, kilipanda hadi asilimia 89 kwa marubani. Shirika likadai ni hali isiyo ya kawaida. Mwaka 2018 mahakama ilijibu kuwa mtafaruku wa ndani ya nyumba haugeuki kuwa tufani ya nje.

Dhoruba au kompyuta?

Kwa mwekezaji mdogo, somo kubwa liko Marekani. Oktoba 2021 shirika la Southwest lilifuta safari zaidi ya 1,800 katika mwisho wa juma mmoja, likitaja hali ya hewa na waongozaji wa ndege. Mamlaka ya anga ya nchi hiyo ilijibu hadharani kuwa hakukuwa na upungufu wa waongozaji tangu siku ya Ijumaa. Aliyekuwa na hisa angeweza kujiuliza hapo hapo: kama si mawingu, ni nini?

Jibu lilikuja Desemba 2022. Baridi kali ilipiga mashirika yote, lakini wakati wengine walirudi angani baada ya siku chache, Southwest ilifuta safari 16,900 na kuwakwamisha abiria zaidi ya milioni 2. Mfumo wake wa kupanga wafanyakazi ulishindwa kufuatilia nani yuko wapi. Tatizo hilo lilipunguza mapato kabla ya kodi kwa takriban dola milioni 800, robo ile ya mwaka ikaishia na hasara ya dola milioni 220, na Desemba 2023 serikali ikatangaza adhabu ya dola milioni 140.

Ndani ya mashirika yenyewe, ucheleweshaji umerekodiwa kwa miaka mingi kwa namba: 41 ni ubovu wa ndege, 71 ni hali ya hewa ya kiwanja cha kuondokea, 93 ni ndege iliyochelewa kufika kutoka safari iliyotangulia. Namba 93 ndiyo ya kuangaliwa kwa jicho la pili, maana humweleza abiria kuwa ndege haijafika bila kumweleza kwa nini haikufika.

Tiketi za safari hewa

Watanzania wanawajua wafanyakazi hewa. Qantas ya Australia iliuza safari hewa: tiketi za safari ambazo kampuni ilikwisha amua kuzifuta. Iliposhtakiwa mwaka 2023 ilijitetea kuwa mteja hanunui safari fulani, bali fungu la haki za kimkataba. Mei 2024 ilikiri kosa, ikakubali adhabu ya dola za Australia milioni 100 pamoja na kama milioni 20 za kuwalipa wateja.

Afrika Mashariki nayo ina sababu zake. Agosti 2019, ndege ya Air Tanzania aina ya Airbus A220 ilizuiwa Johannesburg kwa amri ya mahakama, kutokana na madai ya mkulima mmoja dhidi ya serikali. Iliachiwa tarehe 4 Septemba. Injini ilikuwa nzima na anga safi. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma na safari nyingi zikafutwa. Huko Ulaya, hukumu ya mwaka 2021 dhidi ya SAS ilikwisha sema kuwa mgomo wa marubani wa shirika lenyewe si hali isiyo ya kawaida.

Mfanyabiashara wa Kariakoo ajue mipaka ya sheria hiyo ya Ulaya. Inamgusa akiondoka Amsterdam au Frankfurt kwa shirika lolote, na akiondoka Dar es Salaam kwenda Ulaya kwa shirika la Ulaya kama KLM. Akirudi kutoka Dubai au Guangzhou, haimhusu. Huko anabaki na Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama. Mkataba huo hauna fidia ya mkupuo. Hulipa hasara iliyothibitishwa kutokana na kuchelewa, na tangu 28 Desemba 2024 kikomo chake ni vizio 6,303 vya SDR kwa abiria, zaidi ya dola 8,000. Shirika linaweza kujinasua likithibitisha kuwa lilichukua hatua zote za busara. Hapo sababu iliyoandikwa kaunta, pasi ya kupandia, risiti ya hoteli na ankara ya mzigo uliokosa soko ndivyo vitakavyosema. Muda wa kufungua shauri ni miaka 2.