Patmos, kisanga cha Mtume Yoane

Mwanzoni mwa kitabu cha Ufunuo tunasoma jina la kisanga kimoja: Patmos. Mtume Yoane alifungwa kule kwa ajili ya neno la Mungu. Mapokeo yanasema ilikuwa zamani za Kaisari Domitianus, karibu na mwaka wa 95.

Patmos ni inchi ndogo ya Ugreki katika bahari ya Egea, kilometa 34 za mraba tu, tena yenye mawe mengi. Hakuna kiwanja cha ndege. Msafiri anapanda meli kule Piraeus, bandari ya Athena, na baada ya masaa mengi anashukia Skala. Hoteli nyingi na vyumba vya kupanga viko hapo. Wengine hulala Chora, mji wa juu wenye nyumba nyeupe. Kule kuna kimya zaidi, lakini vyumba ni vichache. Wakati wa Pasaka na mwezi wa Agosti wageni ni wengi, afadhali kuomba chumba mapema.

Katika njia ya kupanda toka Skala mpaka Chora liko pango. Watu wanaamini kwamba Yoane alipata njozi zake humo. Juu kabisa iko monasteri yake. Mwaka wa 1088 Kaisari Alexios Komnenos alimpa mmonaki Christodoulos kisanga chote. Wamonaki wakajenga kuta nene kama boma, kwa sababu ya wanyang'anyi wa bahari. Watu nao wakajenga kandokando wapate kimbilio, na hivyo Chora ikazaliwa. Katika maktaba zimo kurasa 33 za Evangelio ya Marko za karne ya 6, zilizoandikwa kwa herufi za fedha juu ya ngozi ya zambarau. Tangu mwaka wa 1999 Unesco imeandika pango, monasteri na mji kati ya urizi wa dunia.

Lakini tusisahau jambo moja. Mafarakano ya Roma na Konstantinopoli yalitokea mwaka wa 1054, na monasteri hii iko chini ya Patriarka wa Konstantinopoli. Basi kule sisi Wakatoliki ni wageni nyumbani mwa ndugu waliotengana nasi. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifundisha mwaka wa 1964 kwamba wana upadri na Ekaristi ya kweli. Mwaka wa 1965 Papa Paulo VI na Patriarka Athenagoras walifuta laana za zamani. Walakini meza ya Bwana bado haijawa moja: wao wanapokomunika, sisi tunabaki tumesimama.

Mwenye kwenda Patmos avae kwa adabu, anyamaze pangoni, awaamkie wamonaki kwa heshima. Asione haya kusimama nyuma namna ile. Uchungu ule umfundishe kuombea umoja, maana ni katika Evangelio ya Yoane huyuhuyu tunapomsikia Bwana Yezu akiwaombea wafuasi wake wawe wamoja. Na sisi tuliobaki huku tuombe vilevile.